Darasa la elimu mbadala: nani aamue watoto wasome nini?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Huku kwetu Micheweni, Pemba, tumefungua darasa la jioni kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 walioacha skuli, wengi kwa sababu ya dago (kambi za wavuvi) na kuchuma karafuu. Wazee wanataka tusomeshe Kurani, hesabu kidogo, na ushoni kwa wasichana, basi. Mimi nataka masomo yote ya skuli. Nani mwenye haki ya kuamua?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Hapana mtu mmoja mwenye haki ya kuamua yote. Mimi huyapima mambo hivi: linaloweza kurekebishwa mwezi ujao, waachieni wanakijiji. Linalomfungia mtoto njia ya kurudi skuli, asilikate mzee, mwalimu wala kamati.

Kiingereza na sayansi ni katika hayo ya pili. Mtaala wetu hutungwa na Taasisi ya Elimu Zanzibar, lakini mtihani wa kidato cha nne ni wa Baraza la Mitihani la Tanzania, na hilo ni jambo la Muungano. Kijana asiyepita sekondari akitaka kuufanya kwa kujitegemea, hutakiwa kwanza apasi Mtihani wa Maarifa. Mkiliondoa somo leo kwa mtoto wa miaka 11, mmeshamwamulia atakapokuwa na miaka 18, naye hata hajui kwamba aliamuliwa. Na mkiletewa vitabu vya MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, kutoka Bara, vilinganisheni kwanza na mtaala wetu, maana msingi wetu ni wa miaka 6 na wao walivitunga kwa msingi wa miaka 7.

Wazee wana haki yao, tena nzito. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Kifungu hichohicho kinaanza kwa kusema elimu ni haki ya kila mtu. Kwa hiyo mzazi anachagua njia. Hana ruhusa ya kumpunguzia mtoto kisomo. Kuhusu Kurani sioni ugomvi: ulizeni watoto wanakwenda chuoni (madrasa) saa ngapi, mpange vipindi visigongane.

Ushoni ndio unaonitia wasiwasi. Si kwa kuwa ni kazi duni, la hasha, bali kwa kuwa umetengewa wasichana, nao hawakuulizwa. Mafundi cherehani wengi mjini ni wanaume. Basi kwa nini mvulana asijifunze, na msichana asijifunze umeme au useremala? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Waulizeni mmoja mmoja, baba asiwepo. Binti wa miaka 13 mbele ya baba yake atajibu la baba. Kisha ulizeni Kituo cha Mafunzo ya Amali (ufundi) Vitongoji, hukohuko Pemba, wanapokea vijana kwa masharti gani, ili fani mtakayoanza nayo iwe na pa kuendelea.

Yanayobaki ni yenu: saa za masomo, likizo ya msimu wa karafuu, mifano ya kufundishia. Hapa wazee watakuwa walimu wenu. Mtoto aliyechuma karafuu anajua kwamba pishi ni vibaba 4 na kwamba ujira wake huhesabiwa kwa pishi. Anzeni robo na nusu hapo. Mwani uliopimwa mbichi, ukapimwa tena mkavu, ni somo zima la asilimia.

Mkishakubaliana, andikeni ukurasa mmoja: masomo ya lazima, ya hiari, na majibu ya watoto wenyewe. Pitieni kwa sheha (kiongozi wa shehia yenu), kisha mpeleke ofisi ya elimu ya wilaya kwa afisa wa elimu mbadala, na mumuulize palepale mtoto atakayeimudu kazi ya darasa la nne atapimwa na nani ili arejeshwe skuli. Jibu la hilo mlipate kabla hamjaanza muhula.