Maswali ya Wasomaji: Kelele Inayoziba Redio Inatoka Chumba Gani?

SWALI: Ndugu mhandisi, salamu. Kwenye bendi ya mita 40 (karibu na MHz 7) sindano ya kipimo cha S, kile kinachoonyesha nguvu ya mawimbi redioni, ilikuwa ikilala S3. Sasa jioni inapanda hadi S8 na kuganda hapo, vituo dhaifu sivisikii kabisa. Antena ni daipoli (waya wa pande mbili) ile ile, sijaigusa. Mwenzangu ananiambia ni nyaya za umeme za barabarani, niwapelekee malalamiko wenye umeme. Nianzie wapi?

JIBU: Barua isubiri. Kweli, mita 40 huongezeka kelele jua likizama, kwa sababu mawimbi ya mbali huanza kufika. Lakini kutoka S3 hadi S8 ni hatua tano, kila hatua desibeli (kizio cha kulinganisha nguvu) 6, jumla desibeli 30. Maana yake nguvu ya kelele imekuwa mara 1,000 ya ile ya awali. Mruko wa namna hiyo kwa kawaida ni kifaa, na mara nyingi kimo humo humo ndani mwako. Jiulize ni taa gani, chaja gani au televisheni gani imeingia nyumbani tangu bendi ilipokuwa safi.

Kisha pima. Ondoa redio kwenye pawasaplai na uilishe kwa betri ya volti 12. Weka modi ya AM, chagua masafa yasiyo na kituo, na usibadilishe upana wa kichujio mpaka kazi iishe, maana ukiubadilisha na kipimo kinabadilika. Andika usomaji. Waarifu watu wa nyumbani, kompyuta zifungwe vizuri, halafu zima swichi kuu. Zima na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) pia, na kompyuta mpakato, na inverta ya sola kama ipo: hivi vyote huendelea kufanya kazi umeme ukikatika, na UPS yenyewe ni miongoni mwa vipiga kelele vikubwa.

Kelele ikibaki pale pale, chanzo kiko nje ya nyumba. Ikishuka, umempata adui ndani, ila hujajua ni yupi.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanawasha kila kitu, kisha wanachomoa kifaa kimoja, wanatazama sindano, wanakirudisha, wanachomoa kingine. Tuseme una vyanzo viwili vyenye nguvu sawa. Ukichomoa kimoja, kelele inapungua desibeli 3 tu, nusu ya hatua ya S. Sindano haitikisiki vya kutosha, nawe unakitangaza kifaa hicho hakina hatia. Vikiwa vinne hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo fanya kinyume: anza na ukimya. Zima saketi breka zote na uchomoe plagi zote, rudisha swichi kuu, halafu washa breka moja moja, na katika kila saketi chomeka kifaa kimoja kimoja huku ukiandika sindano imepanda kiasi gani. Kila kinachoipandisha kiweke pembeni kabla hujaendelea na kinachofuata.

Kuchomoa ni kuchomoa, si kubonyeza rimoti. Chaja iliyo kwenye soketi inafanya kazi hata kama haina simu, na televisheni iliyolala ina pawasaplai iliyo macho. Halafu usiharakishe. Friji hunyamaza mpaka kompresa iwake, mashine ya kufulia hunyamaza mpaka mota ianze kuzunguka, na chaja nyingine hupiga kelele pale tu betri inapochajiwa.

Masikio nayo husaidia. Pawasaplai za kisasa, zikiwemo zile zilizofichwa ndani ya taa za LED, hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele yake hujirudia kwenye bendi kwa nafasi sawa, tuseme kila kHz 65. Ukiona kwenye skrini ya redio vilima vyenye nafasi sawa vinavyosogea taratibu kifaa kinapopata moto, mtafute jamaa huyo. Mkoromo wa Hz 100, au 120 kwa wenye umeme wa Hz 60, unaashiria cheche: muungano uliolegea, swichi iliyochakaa, kihami kibovu. Cheche ndani ya soketi yako si suala la redio tena, ni hatari ya moto. Mwite fundi umeme siku hiyo hiyo. Mkwaruzo unaokuja kwa sekunde chache na kupotea mara nyingi ni themostati. Na kelele inayokoma giza likiingia, angalia paneli za sola na vifaa vyake.

Ikithibitika iko nje, chukua redio ndogo ya AM yenye kijiti cha feraiti (kitu kigumu cheusi chenye usumaku) ndani. Izungushe mpaka sauti ifike chini kabisa. Hapo ncha za kijiti zinaelekea kwenye chanzo. Ila nyaya za umeme husafirisha kelele, na ukiwa chini yake utaisikia kila mahali. Panda masafa: kelele ambayo bado inasikika kwenye MHz 120 iko karibu kuliko ile inayosikika kwenye kHz 800 peke yake.

SWALI: Nimempata: ni adapta ya taa. Nimeifunga feraiti mbili za kubana kwenye waya wake, sijaona tofauti yoyote. Je, feraiti ni uongo?

JIBU: Si uongo, ni chache mno. Feraiti ya kubana, waya ukipita mara moja, kwenye MHz 7 inatoa ukinzani wa makumi ya omu tu. Tunatafuta maelfu. Habari njema ni kwamba ukinzani huo hukua kwa mraba wa idadi ya mizunguko: mizunguko mitatu ni mara tisa, kumi inakaribia mara mia (haifiki mia kamili kwa sababu mizunguko ikibanana huanza kupitisha mawimbi kati yake).

Chukua pete kubwa ya feraiti, kipenyo cha nje mm 61, ya mchanganyiko (aina ya feraiti) namba 31, ndio ufaao kuanzia MHz 1 kwenda juu. Namba 43 hupendeza zaidi kuanzia MHz 25. Pete ya rangi ya njano au nyekundu iliyotoka kwenye kifaa kibovu mara nyingi si feraiti bali ni unga wa chuma, hivyo haikufai hapa. Pitisha waya mzima, nyuzi zote pamoja na ya ethi, mara 10 hadi 14. Kila mara unapopita tunduni ni mzunguko mmoja. Kamwe usikate waya wa ethi ili kupunguza kelele.

Pete ikae sentimita chache kutoka kwenye adapta, kwa sababu kipande chochote cha waya kilicho kati yake na adapta kinaendelea kuwa antena. Na adapta ina pande mbili. Ukiziba upande wa soketi, kelele itatokea upande wa taa, kama maji yanavyotafuta tundu la pili. Ziba pande zote mbili. Ikiwa adapta ni ya bei rahisi, kuibadilisha ni nafuu kuliko pete mbili, usione haya.

SWALI: Antena yangu iko mbali na nyumba, lakini kelele ya nyumba bado inanifikia. Inapitaje?

JIBU: Inatembea juu ya ngozi ya nje ya kebo ya koaksia, ile inayotoka kwenye antena hadi redioni. Jaribu hivi: ondoa antena kule mwisho, funga mzigo wa omu 50 (kikinza kinachosimama badala ya antena) mahali pake, sikiliza. Kelele ikibaki, kebo ndiyo antena. Zungusha kebo nyembamba ya RG-58 mara 12 kwenye pete ile ile ya namba 31, uiweke penye daipoli, na nyingine mahali kebo inapoingia nyumbani. Daipoli yenyewe isogee mbali na ukuta. Kila mita ina faida.

SWALI: Kwenye MHz 14.030 kuna mlio unaotetereka, haukomi usiku wala mchana.

JIBU: Chomoa kebo za mtandao kwenye rauta, moja moja. Milio ya aina hii huonekana pia karibu na MHz 10.106, 21.052 na 28.016. Pete ya namba 31 kila ncha ya kebo, mizunguko kadri plagi inavyoruhusu kupita, pamoja na moja kwenye waya wa adapta ya rauta. Usisahau kwamba rauta ya jirani hutoa mlio huo huo. Kama rauta yako imezimwa na bado unausikia, ni wa jirani.