Kabiriti, bando na namba ya siri

*Mwanangu anasema bila simu janja tutabaki nyuma. Mimi nina kabiriti tu, simu ndogo ya vitufe. Nifanyeje? (Mama, Nakivale)*

Mama, mbuzi wako usimwuze bado ili ununue simu janja. Hiyo kabiriti inatuma na kupokea pesa bila intaneti, kazi ambayo simu za Uganda zinaifanya tangu 2009. Tena unaweza kujiunga na U-Report, huduma ya kutoa maoni kwa simu iliyoanzishwa na UNICEF nchini mwaka 2011, kwa ujumbe mfupi wa bure kwenda 8500. Na chaji yake hukaa siku kadhaa. Simu ya mwanao inakaa?

*Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinataka kuacha sanduku na kuhamia kwenye simu. Mweka hazina anasema tutumie laini yake. Ni sawa? (Dada, Kisenyi)*

Si sawa, dada, hata kama ni mtu mwaminifu. Sanduku lenu lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Mmoja akiingiwa na tamaa usiku, halifunguki. Laini ya mtu mmoja ni sanduku la kufuli moja. Akifariki, Mungu apishe mbali, mtaanza kuvutana na ndugu zake msibani. Ulizeni kampuni ya simu kama ina akaunti ya kikundi, ambayo kutoa pesa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kama haina, bakini na sanduku. Daftari nalo msilitupe: salio lisomwe kwa sauti kila kikao, asiyejua kusoma naye asikie. Halafu msitoe kidogo kidogo, maana ada hukatwa kila mnapotoa, na kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya pesa mnayotoa iko palepale.

*Kodi ya mitandao ya kijamii si ilifutwa? Mbona bando bado ghali?*

Ile ya shilingi 200 kwa siku, ya Julai 2018, ilifutwa Julai 2021. Mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Zamani uliiona ukiilipa. Sasa imo ndani, kama sukari kwenye chai.

*Nimepigiwa simu: eti nimepata milioni ya PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, nitume namba ya siri. (Mzee, Arua)*

Kata simu, mzee wangu. Milioni ile ni mkopo, hupitia SACCO ya parishi yako, na majirani wangeshakupongeza. Anayekuletea pesa hahitaji namba yako ya siri. Kama umeshaituma, ibadilishe sasa, hata kabla ya kumaliza chai yako.