Ukienda Kutetea Muziki Shuleni, Anza na Daftari la Mahudhurio

Mara ya kwanza nilipokwenda mbele ya bodi ya elimu kutetea somo la muziki, nilibeba karatasi moja tu, nayo ilisema kwamba watoto wanaojifunza muziki hufaulu zaidi hisabati. Nilikuwa nimefundisha kwaya na bendi ya shule kwa miaka kadhaa, na niliamini kwamba hoja hiyo ingemaliza mjadala. Mjumbe mmoja, bila ubaya wowote, akaniuliza: "Mwalimu, kama tunachotafuta ni hisabati, kwa nini fedha hizi tusizitumie kumwajiri mwalimu wa hisabati?" Swali lilikuwa la haki, na jibu sikuwa nalo.

Hoja ya hisabati si ya uongo, ila huwa tunaibebesha mzigo isiouweza. Mwaka 2004 mtafiti Glenn Schellenberg wa Kanada alichapisha utafiti juu ya watoto 144 wenye umri wa miaka 6, ambao baadhi yao walifundishwa kinanda au kuimba, wengine maigizo, na wengine hawakupewa somo lolote la ziada; vipimo vya akili vya waliojifunza muziki vilipanda kuliko vya wenzao, lakini kwa tofauti ndogo. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mwingine, uliotumia kumbukumbu za wanafunzi zaidi ya 110,000 wa jimbo la British Columbia, huko huko Kanada, ukionyesha kwamba walioshiriki muziki shuleni, hasa wapiga ala, walikuwa na alama za juu zaidi katika hisabati, sayansi na Kiingereza. Hata hivyo, mwaka uliofuata Giovanni Sala na Fernand Gobet walizikusanya tafiti 54 na kukuta kwamba pale utafiti ulipoandaliwa kwa umakini zaidi, faida hiyo ilikaribia kutoweka. Mjumbe aliyesoma kidogo tu atakuuliza kama muziki ndio uliowaongezea watoto alama au kama watoto wenye alama nzuri ndio wanaojiunga na bendi, na hapo utakwama kama nilivyokwama mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na kile ambacho shule yako inaweza kukihakiki yenyewe, yaani daftari la mahudhurio. Nilikuwa na kijana aliyepuliza tuba, ile ala kubwa ya shaba yenye sauti nzito ya chini, na katika bendi yetu tuba ilikuwa moja tu. Walimu wa masomo mengine walimjua kwa utoro. Siku za mazoezi, hata hivyo, alifika mapema kuliko mimi, akaketi pembeni akipaka mafuta vali za ala yake, akizibonyeza moja baada ya nyingine na kuzisikiliza kama fundi anayekagua saa. Nilipomuuliza siri yake alijibu kwamba asipokuja, wimbo hauna chini. Katika darasa la kawaida mtoto akikosekana somo huendelea bila yeye. Katika bendi pengo lake linasikika, wenzake wanaligeukia, na kesho yake wanamuuliza alikuwa wapi. Hisia hiyo ya kuhitajika ndiyo iliyomleta shuleni, na akishafika kwa ajili ya tuba, jiografia inampata pia.

Kwa wilaya, jambo hili lina uzito wa fedha. Yapo maeneo, kama jimbo la California nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya ruzuku hukokotolewa kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, hivyo kiti kitupu ni upungufu katika bajeti. Lakini hata pale ruzuku isipofuata mahudhurio, ipo hesabu nyingine ambayo watetezi wa muziki huisahau, na ningependa kila mzazi anayekwenda kwenye kikao aijue.

Chukua shule ya sekondari ambako wanafunzi huchagua baadhi ya masomo. Mwalimu wa kawaida mwenye vipindi 5 vya wanafunzi 30 anahudumia nafasi 150 kwa siku. Mwalimu wa bendi au kwaya, kwa kuwa kazi yake huwa bora kundi likiwa kubwa, anaweza kuwa na wanafunzi 60 katika kipindi kimoja, na kwa vipindi 5 anahudumia nafasi 300. Ukimwondoa huyo kwa lengo la kubana matumizi, nafasi zile 300 hazitoweki. Watoto wale lazima waketi mahali fulani saa zile zile, na kuwafundisha kwa ukubwa wa darasa la kawaida kunahitaji walimu 2. Namba zangu ni za mfano, kwa hiyo weka za shule yako. Katika shule ya msingi hesabu hii haiwi hivyo, kwa sababu huko mwalimu wa muziki hufundisha darasa moja moja.

Na hapo ndipo ulipo mtego. Wilaya nyingi haziondoi bendi kubwa, maana wazazi watapiga kelele. Huondoa mwalimu wa wanaoanza, kule chini, ambako hakuna tamasha la kuonyesha. Mwaka wa kwanza fedha inaonekana kuokolewa. Baada ya miaka 3 au 4 bendi ya sekondari inapokea watoto wasiojua kushika ala, idadi inashuka hadi 20, na mwalimu yule aliyekuwa wa faida sasa anaonekana ni mzigo.

Ushauri wa mwisho ni kuwaacha wajumbe wasikie. Huko Boston, Marekani, kabla bodi ya shule haijakubali mwaka 1838 kuingiza muziki katika masomo ya shule za umma, mwalimu wa muziki Lowell Mason alifundisha katika shule mojawapo bila malipo ili matokeo yaonekane. Nami niliiga nusu yake: badala ya kualika wajumbe kwenye tamasha, niliwaalika kwenye mazoezi. Waliona sauti ya tatu ikiingia mapema, wimbo ukasimama, na wasichana wa sauti ya kwanza wakahesabu mapigo kwa vidole ili kuwasaidia wenzao, tukarudia mara sita mpaka sauti ile ikaingia kwa wakati wake. Hakuna aliyeniuliza habari za hisabati siku hiyo.

Nafasi ya mwalimu ilibaki, lakini mazoezi yakahamishiwa baada ya saa za masomo, nami nikakubali haraka kuliko ilivyonipasa. Kijana wa tuba alikuwa anapanda basi la shule, na basi liliondoka dakika 10 baada ya kengele ya mwisho. Ukiahidiwa kwamba muziki hautaguswa, omba kwanza kuiona ratiba.