Rejeta na pampu ya joto: usibomoe sakafu kabla hujajaribu hivi

Mkuu uliyeambiwa na fundi kwamba pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kupasha maji ya kuongeza joto nyumbani) haiendi na rejeta (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto) mpaka ubomoe sakafu upitishe mabomba chini, ngoja nikupe yaliyonikuta. Niko Sheffield, Uingereza, nyumba ya matofali ya miaka ya 1930, huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi na pampu, rejeta ziko ukutani na sakafu sijaigusa.

Kinachowachanganya watu ni joto la maji. Boila ya gesi inatuma maji ya nyuzi 65 hadi 70, ukishika rejeta unaruka. Pampu inapenda maji ya vuguvugu, 35 hadi 45 hivi, ukiilazimisha kupanda zaidi inakula umeme balaa. Sasa rejeta dukani zinapimwa kwa maji yaliyozidi joto la chumba kwa nyuzi 50, wewe ukiwa na maji ya 45 na chumba cha 20 tofauti ni 25 tu, rejeta ile ile inakupa kama asilimia 40 ya ile nguvu iliyoandikwa. Kwa hiyo unachohitaji ni bati kubwa zaidi, basi.

Tena sio zote. Mimi kabla boila haijang'olewa, Januari kuna barafu nje, nilishusha maji yake mpaka 50, nikafungua vali za rejeta zote mwisho, nikaacha siku mbili usiku na mchana. Sebule na vyumba vya juu vikakaa 20 bila shida, jiko na kile chumba cha nyuma vikagoma. Nikabadilisha rejeta tatu kati ya nane, zilikuwa za bati moja nikaweka za bati mbili, upana ule ule, hata mabomba hayakuhamishwa. Kuna ruzuku ya serikali ya kuweka pampu, pauni 7,500 (England na Wales), fundi anaikata kwenye bili yako, mwambie rejeta aziweke kwenye hesabu hiyo hiyo.

Kosa langu lilikuja baadaye. Fundi aliacha maji kwenye 55 akaondoka, na mimi nikawa nawasha asubuhi nazima mchana kama nilivyozoea gesi, bili ya kwanza nilikaa chini. Umeme huku uniti moja ni kama mara nne ya gesi, na boila nayo inapoteza kidogo, kwa hiyo pampu isipokupa kama uniti tatu na nusu za joto kwa moja ya umeme unaumia tu. Nikawasha ile seting ya kufuata hali ya hewa ya nje, siku za kawaida maji yakawa 38, kukiwa na barafu 45, nikaiacha inanguruma taratibu masaa 24 na bili ikashuka.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga akashika rejeta akasema "baba Nuru, hili dude lenu limekufa", huku amevua sweta 😂 Rejeta haiunguzi lakini nyumba ina joto, inabidi uzoee.

Ila angalia mabomba yako. Kama ni yale membamba ya milimita 8 au 10, hapo maji hayapiti ya kutosha na fundi wako anaweza kuwa na hoja, mwambie akupigie hesabu chumba kwa chumba kwa maandishi kabla hujasaini. Una rejeta ngapi na za aina gani? Tupia picha hapa tuone.