Kinanda na moduli haviongei

SWALI: Fundi, shikamoo. Napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia yetu hapa Morogoro, Yamaha PSR ya zamani yenye matundu mawili ya duara nyuma, MIDI IN na MIDI OUT. Shemeji kanipa moduli ya sauti, kisanduku chenye sauti za ala mbalimbali, Roland SC-55, ili tupate vayolini nzuri zaidi. Fundi redio akanitafutia waya wa pini tano uliotoka kwenye deki ya kaseti. Nilichomeka OUT kwa OUT, kimya. Nikahamishia IN ya Roland, kimya vilevile, ingawa kinanda chenyewe kinalia spikani kama kawaida. Moduli ni mbovu? Au ninunue waya wa USB?
Mpiga kinanda, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Roland usiipeleke kwa fundi bado. Mara ya pili ulichomeka sawasawa: OUT ya kinanda huingia IN ya moduli. Ninaoutilia shaka kwanza ni huo waya.

Kichwa chake ni kilekile, lakini ulitengenezwa kubeba muziki wa redio, na baadhi ya nyaya hizo zimepishanishwa ndani. Azima mita ya kupimia umeme. Pini ya katikati ni namba 2. Jirani zake wawili, 4 na 5, ndio wanaobeba ujumbe wa MIDI, yaani maagizo ya kinanda kwa moduli. Zile mbili za ukingoni hazina kazi hapa. Kama 4 ya huku haifiki 4 ya kule, na 5 vivyo hivyo, nunua waya wa MIDI wenyewe, usizidi mita 15.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniandikia: Roland umeiunganisha na mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti kabla hazijaenda spikani? Wapiga vinanda wengi hukwama hapo. MIDI haibebi sauti. Tangu kinanda cha Roland na cha Sequential Circuits viunganishwe hadharani kule Marekani mwaka 1983, kinachopita kwenye waya ule ni maagizo tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Sauti inazaliwa ndani ya moduli, nayo hutokea kwenye matundu yake ya RCA, kama yale ya deki ya DVD, ielekee mikisa.

Sasa bonyeza noti huku ukitazama kioo cha Roland. Mstari wa namba 1 ukiruka, ujumbe unafika, hangaika na mikisa. Usiporuka wowote, rudi kwenye waya. Ukiruka wa namba 10 utasikia ngoma badala ya vayolini. Ingia kwenye mipangilio ya MIDI ya kinanda, uweke chaneli ya kutuma iwe 1.

Vikishaelewana, vyote viwili vitalia pamoja. Ukitaka vayolini peke yake, tafuta Local kwenye kinanda, mpangilio unaoruhusu vibonyezo kuliza sauti za kinanda chenyewe, uiweke OFF. Kinanda kitakuwa bubu, usishtuke; vingi hujirudisha ON vikizimwa na kuwashwa. Mimi ningeiacha ON, piano ya Yamaha iwe mbele na vayolini za Roland zisikike chinichini, hasa wakati wa komunyo.

USB achana nayo. SC-55 ni ya mwaka 1991, haina tundu hilo kabisa. Hela hiyo nunulia waya wa RCA wa kwenda mikisa.