Maswali ya Wasomaji: Ufunguzi wa Msimu wa Mbio Ndefu za Magari

Wasomaji wetu wa Malindi na Lamu wameleta barua kuhusu ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za magari, hususan kundi la LMGT3, yaani magari ya kasi yaliyoundwa kutokana na yale ambayo mteja anaweza kuyanunua dukani. Barua zote zinazungumzia mbio zilizofungua msimu wa 2024 katika uwanja wa Losail, Qatar, Jumamosi ya tarehe 2 Machi. Hizo ndizo zilizokuwa mbio za kwanza za kundi hilo katika ubingwa wa dunia.

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu kutoka Maweni, Malindi. Nimezoea Safari Rally, ambako gari moja huondoka baada ya jingine. Huku naona magari yote yanaondoka pamoja, mengine yana umbo la ajabu na mengine yanafanana na ya barabarani. Nani hasa hushindana na nani?

JIBU: Ndugu yetu, ulichokiona ni mashindano mawili katika njia moja. Magari 37 yalipangwa kuanza: 19 ya kundi la Hypercar, ambayo ndiyo yenye umbo lililokushangaza, na 18 ya LMGT3. Kila kundi lina mshindi wake, alama zake na bingwa wake. Kwa Hypercar, Porsche ilichukua nafasi zote tatu za juu, baada ya gari la Peugeot lililokuwa la pili kukosa mafuta mbio zikikaribia kwisha.

Katika LMGT3 kulikuwa na makampuni tisa, kila moja likiwa na magari mawili: Aston Martin, BMW, Corvette, Ferrari, Ford, Lamborghini, Lexus, McLaren na Porsche. Magari hayo hayalingani kwa asili, kwani injini ya moja iko mbele na ya jingine iko nyuma, na kwa hiyo wasimamizi huyasawazisha kwa kupanga uzito wa kila aina na nguvu inayoruhusiwa, huku vipimo vilivyofungwa katika gari vikionyesha nguvu inayofika kwenye magurudumu. Wapo wanaolalamika kwamba kusawazisha huko kunaua ufundi. Sisi tunaona kwamba bila hatua hiyo tungeangalia kampuni moja ikizunguka peke yake, na ufundi wa madereva na mafundi usingeonekana kabisa.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, Langoni, Lamu. Kwa nini mbio hizo ni za kilomita 1812, na si 1800 au 2000?

JIBU: Nambari hiyo inatokana na tarehe 18 ya mwezi wa 12, Siku ya Taifa ya Qatar, inayokumbuka kutawazwa kwa Sheikh Jassim bin Mohammed Al Thani mwaka 1878. Njia ya Losail ina urefu wa kilomita 5.419, hivyo aliye mbele hulazimika kukamilisha mizunguko 335, na muda haupaswi kuzidi saa kumi. Ni karibu sawa na kuendesha kutoka Malindi hadi Nairobi, kurudi, kisha kwenda Nairobi tena, bila ya kupunguza kasi. Kwa kuwa saa ya Qatar ni sawa na yetu, mbio zilianza saa tano asubuhi kwetu na kwao, zikamalizika usiku chini ya taa.

SWALI: Bwana Mhariri, Valentino Rossi alishinda mara kadhaa kwa pikipiki katika uwanja huohuo wa Losail. Vijana wa hapa Malindi tuliamini kwamba BMW yake itashinda. Kwa nini haikushinda?

JIBU: Rossi alishinda pale mwaka 2005, 2006, 2010 na 2015, na heshima hiyo haiondoki. Lakini gari la LMGT3 huendeshwa na watu watatu kwa zamu, na kanuni hazikubali wote wawe mabingwa. Shirikisho la kimataifa huwapanga madereva katika madaraja ya platinamu, dhahabu, fedha na shaba, na kila gari ni lazima liwe na angalau dereva mmoja wa shaba. Wengi wa daraja hilo si madereva wa kulipwa. Ni wafanyabiashara na wapenzi wa mchezo walioanza mbio wakiwa watu wazima. Dereva wa shaba hawezi kuendesha mizunguko michache kisha akaketi, kwani kanuni zinamwekea muda wa chini anaopaswa kuwa ndani ya gari, na msimu ule yeye ndiye aliyepewa hata kazi ya mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia.

Hapo ndipo mbio zinapoamuliwa, na tunawasihi vijana wa Malindi wapaangalie vizuri. Madereva wa kulipwa hutofautiana kwa sehemu ndogo za sekunde. Tukichukua tofauti ya sehemu tatu za kumi za sekunde kwa kila mzunguko, katika mizunguko 100 inapatikana nusu dakika tu. Dereva wa shaba akizidiwa na mwenzake kwa sekunde moja na nusu kila mzunguko, mizunguko hiyohiyo 100 humgharimu dakika mbili na nusu, na hakuna Rossi anayeweza kuzirudisha. Tena kazi yake ni nzito: matairi hayaruhusiwi kupashwa moto kabla ya kufungwa, hivyo hutoka kituo cha mafundi yakiwa baridi na yanateleza, mchanga wa jangwani hutanda pembeni mwa njia, na Hypercar humjia kwa nyuma kwa kasi kubwa, akalazimika kuzipisha bila ya kupoteza mwendo wake.

Mwenzake Rossi wa daraja la shaba alikuwa Ahmad Al Harthy wa Oman, na wa tatu alikuwa Maxime Martin. Walimaliza wa nne, na kwa timu iliyoanza kushindana katika kundi hilo siku ile, tunayaona kuwa matokeo mazuri sana. Ushindi ulikwenda kwa Porsche ya Manthey PureRxcing, iliyoendeshwa na Aliaksandr Malykhin, Joel Sturm na Klaus Bachler. Malykhin ndiye aliyekuwa wa shaba, na kwa maoni yetu yeye ndiye aliyekuwa silaha kubwa ya timu ile. Aston Martin mbili zilifuata.

SWALI: Mhariri, je, wanawake wamo? Binti yangu anauliza. Mama wa Shela, Lamu.

JIBU: Wamo, mama. Timu ya Iron Dames ilikuwapo Qatar na Lamborghini. Mwaka 2023 huko Bahrain, Sarah Bovy, Rahel Frey na Michelle Gatting walishinda katika kundi la GTE Am lililotangulia LMGT3, wakawa timu ya kwanza ya wanawake pekee kushinda kundi katika ubingwa huu. Bovy alikuwa dereva wa shaba.

SWALI: Msimu ule ulikuwa na mbio nane. Je, mbio za kwanza zina uzito wowote? Msomaji, Mokowe.

JIBU: Zina uzito kuliko nyingi zinazofuata. Mshindi wa mbio za saa sita hupata alama 25, lakini Qatar, kwa sababu ya urefu wake, ilitoa 38. Ni Le Mans pekee iliyozidi, kwa alama 50. Zaidi ya hayo, wanaofanya vizuri katika LMGT3 huongezewa kilo za adhabu katika mbio zinazofuata, ilhali siku ya ufunguzi hakuna aliyebeba mzigo huo. Timu isiyochuma wakati gari lake ni jepesi huenda isipate nafasi nyingine kama hiyo. Malykhin, Sturm na Bachler walichuma alama hizo 38 siku ya kwanza, na msimu ulipomalizika wao ndio waliokuwa mabingwa wa LMGT3.