Kabla hujafunga robota la nguo: namna ya kuwafaa wakimbizi wanaofika Kigoma

Kila mapigano yanapozuka Kivu, mashariki mwa Kongo, au hali inapochafuka Burundi, makundi ya WhatsApp ya jumuiya, misikiti na mitaa huanza kuchangishana siku ileile. Moyo upo, tena mkubwa. Kinachopungua ni swali moja la kujiuliza kabla ya kununua chochote: huyu mama aliyevuka ziwa usiku na watoto watatu, leo jioni atakifanyia nini kitu hiki? Robota la mitumba haliwezi kujibu swali hilo. Dumu, sabuni na doti ya khanga vinajibu.

Kumbuka Kagunga, Mei 2015. Kijiji kidogo, kimebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kufika kwake ni kwa boti au kwa miguu. Ghafla kikawa na makumi ya maelfu ya Warundi. MV Liemba, meli iliyokuwa ikibeba watu 600, ilikwenda na kurudi ikiwapeleka Kigoma mjini, kwenye uwanja wa Lake Tanganyika, na kutoka hapo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kabla ufuko haujaisha watu, kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia na kuua. Ziwa lilelile ndilo lililokuwa bafu, choo na kisima. Ndiyo maana tunasema maji kwanza, chakula kifuate.

Mtu mmoja anahitaji angalau lita 15 kwa siku za kunywa, kupikia na kujisafi. Familia ya watu watano ni lita 75, yaani karibu safari nne za dumu la lita 20. Basi chombo kimoja hakitoshi: toa viwili kwa kila familia, kimoja cha kuchotea na kingine cha kuhifadhia, vyote na vifuniko. Dumu ni bora kuliko ndoo kwa kuhifadhi, kwa sababu mdomo wake ni mwembamba na mkono au kikombe kichafu hakiingii. Wanaotumwa maji mara nyingi ni watoto, kwa hiyo mawili ya lita 10 yanafaa kuliko moja la 20 linalomlemea shingo.

Vidonge vya kutibu maji visaidie, visiue. Vipo vya lita 1, vya lita 5 na vya lita 20, na kwa macho vinafanana. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni kuvikata na kuvigawa bila pakiti yake. Mtu anatumbukiza kimoja kwenye chombo chochote, mwingine anakimeza akidhani ni dawa ya tumbo. Gawa pakiti nzima, na mmoja wenu aonyeshe mbele ya watu: maji yenye tope yachujwe kwanza kwa khanga safi iliyokunjwa mara nne, kidonge kiingie, kifuniko kifungwe, nusu saa ipite ndipo mtu anywe. Sema mapema kwamba yatakuwa na harufu. Asiyeambiwa atayamwaga na kurudi ziwani.

Ongezeni pakiti za chumvichumvi (ORS) za kumnywesha anayeharisha, kila moja na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Zikikosekana, ni lita moja ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Anayeharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele asisubiri: huku akinyweshwa, apelekwe kituo cha afya.

Sabuni huhesabiwa hivi: gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu mmoja kwa mwezi. Familia ya watano ni kilo 2 na robo. Miche ya sabuni hutofautiana uzito, kwa hiyo pima mmoja dukani, kisha piga hesabu. Msikate vipande vidogo ili "kila mtu apate". Kipande cha siku tatu kinamaliza siku tatu, na siku ya nne mikono inarudi kuwa michafu.

Chakula cha siku mbili za kwanza kiwe kisichohitaji moto: mikate, biskuti, ndizi mbivu, karanga za kukaanga. Aliyefika jana hana sufuria wala kuni. Baada ya hapo, kwa familia ya watano kwa wiki moja, peleka unga kilo 14, maharage kilo 3 na nusu, mafuta ya kula lita 1, na chumvi yenye madini joto robo kilo. Hapo unakaribia kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kipimo kinachotumika katika misaada ya dharura. Peleka unga, usipeleke mahindi. Mahindi yanadai mashine, na mashine inadai pesa, kwa hiyo sehemu ya msaada wako itaishia kinuni. Maharage nayo yanakula kuni. Waambie wayaloweke usiku kucha, au badili nusu yake kwa dagaa wakavu, ambao Kigoma wapo na wanaiva kwa dakika chache. Kuni si jambo dogo: mwanamke anayetoka kambini kuzitafuta porini anaweza kupigwa au kubakwa njiani. Kila saa ya moto unayompunguzia ina maana.

Ukimwona mkimbizi anauza sehemu ya unga wako sokoni, usikasirike. Anauza ili apate nyanya, nauli ya kliniki, au vocha ya kumtafuta mumewe. Mwaka 2023 mgao wa chakula katika kambi za Tanzania ulipunguzwa hadi nusu, na hata nusu hiyo watu waliuza kidogo wapate mengine. Hilo linakuambia kwamba walihitaji pia pesa. Pesa taslimu ni msaada wa heshima pale taratibu za mahali zinaporuhusu, lakini kuzituma kwa simu ni vigumu, maana mgeni wa jana hana laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Kumtumia "mwenyeji" mmoja fedha za familia kumi ndiyo njia ya haraka ya kuzipoteza.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipeleke kabisa. Tunalisema hili kwa uzito wote. Bila maji safi, bila kuchemsha chupa, na kopo likiisha bila lingine kufuata, mtoto anaharisha wakati maziwa ya mama yamekwisha kupungua. Msaidieni mama: chakula cha ziada, maji ya kunywa, na sehemu yenye pazia anyonyeshe bila kutazamwa. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa wahudumu wa afya, wao ndio waamue.

Kwa wanawake na wasichana, taulo za kike bila chupi ni nusu ya msaada, kwa sababu hazina pa kushikia. Weka chupi tatu za rangi nyeusi au bluu ya kiza, saizi tofauti, pakiti mbili za taulo, kipande cha sabuni, vyote kwenye mfuko usioonyesha ndani. Wanaogawa wawe wanawake wenyewe. Ongeza khanga au kitenge. Nguo hii moja inambebea mtoto mgongoni, inakuwa shuka usiku na pazia la kuogea, na msibani mama anajifunika. Kama lazima mpeleke mitumba, ifueni, ipangeni kwa umri, fungeni viatu jozi kwa kamba zake. Suti na viatu vya visigino virefu bakini navyo.

Sasa taratibu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi waishi maeneo yaliyotengwa, na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Wewe nawe huingii kambi kama Nyarugusu kwa sababu tu una lori la msaada. Andikeni barua kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Wizara ya Mambo ya Ndani, mkitaja majina ya watakaokwenda, namba ya gari, tarehe, na orodha ya vitu na idadi yake. Andikeni kabla ya kununua. Tumeona mikate ikiota ukungu getini wakati kibali kinatafutwa.

Siku ya kugawa, orodha iwe ya kaya, iandaliwe na viongozi waliochaguliwa na wakimbizi wenyewe, wanawake wakiwemo. Mafungu yakiwa 80 na kaya 120, msianze kugawa mkitumaini yatatosha. Ama fungueni mafungu muyagawe upya, ama mkubaliane hadharani nani atangulie, kwa mfano wenye watoto chini ya miaka miwili, wajawazito na wazee, kisha mtangaze sababu. Wazee na wenye ulemavu wakae kivulini na foleni yao. Anzeni asubuhi, mmalize mapema, mama asibebe mzigo gizani. Na itangazwe kwa Kiswahili na Kirundi kwamba vitu ni bure: anayedai pesa, namba ya simu au mwili wa mtu ashtakiwe, na mtu wa kupokea malalamiko aonyeshwe pale pale.

Picha za nyuso hapana. Aliyekimbia ana ndugu waliobaki, na picha yake Facebook inaweza kuwafikia waliomkimbiza. Wachangiaji wakitaka ushahidi, piga picha ya mafungu na risiti. Pia msiwahoji watu yaliyowakuta. Msalimie mzee kwa shikamoo, mwite mama au baba, muulize watoto wameamkaje. Wengi wa Wakongo wa Nyarugusu ni Wabembe na Kiswahili wanakijua. Ukimsikia anaitaja sombe, ni kisamvu hichohicho chako.

Ukimkuta mtoto peke yake, usimchukue kwenda kumlea nyumbani hata kama machozi yanakutoka. Kaa naye palepale, mwite mhudumu wa ulinzi wa watoto au Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao ni pamoja na kutafuta jamaa waliopoteana. Mtoto aliyehamishwa kilomita hamsini kwa huruma huwa mgumu zaidi kumpata kuliko aliyebaki karibu na alipopotea.

Theluthi ya michango iwekeni akiba. Wiki ya kwanza kila mtu anatoa, mwezi wa nne hakuna anayekumbuka, na ndipo dumu limepasuka na sabuni imekwisha. Kama mnataka kusaidia shule, jueni kwamba watoto kambini wamekuwa wakifuata mitaala ya nchi zao, Burundi na Kongo, na mwaka wao wa masomo huanza Septemba. Vitabu vyetu vya darasa la tatu haviwafai. Madaftari, kalamu na rula zinafaa, na mwezi wa kuzinunua ni Agosti.